Mfungaji Masurufu wa Msambweni

Hakukubali kuambiwa sifa za kitu na mtu anayekiuza. Hilo nilijifunza siku ya kwanza, nikiwa nimesimama uani kwake na jasho langu, mkoba wa sampuli mkononi, na maneno yote niliyoyakariri tangu kwenye kivuko cha Likoni yakiwa yamekatwa katikati.

"Shika maji unywe," aliniambia. "Kisha ukae. Hicho kitu chako kiweke hapo juu ya kinu, nacho kipumzike."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa wakala wa duka moja la Mombasa lililouza vifaa vya kufungia bidhaa: kamba, magunia, karatasi nene, na kitu kipya ambacho watu wote walikiita nailoni. Nilikuwa kijana aliyetoka sekondari bila kujua anataka nini duniani isipokuwa kwenda mahali pengine, na kazi ile ilinipa ruhusa ya kwenda. Wiki hii Diani na Bongwe, wiki ijayo Msambweni, mara moja moja Lunga Lunga, na barabara ikiwa kavu, Kinango. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi na nimelala katika miji ambayo siku hizi naichanganya majina. Sasa nimepita miaka arobaini, na bado sijakaa mahali pamoja. Lakini nikijiuliza ni nani aliyenifundisha kukitazama kitu mpaka kikaonyesha kilivyo, namkumbuka yule mama. Jina lake sitalitaja. Hata pale Msambweni hawakulitumia. Walimwita Mfungaji.

Kazi yake ilikuwa kufunga masurufu, yaani chakula cha safari. Mtu wa kule akitaka kusafiri mbali, zaidi ya yote akienda kuhiji kwa meli, hakuondoka na chakula chake peke yake. Ndugu na majirani walimchangia. Huyu alileta vileja vya samli, yule tambi za kukaanga, mwingine tende, mchele uliopepetwa, pilipili ya kusaga, ndimu zilizokaushwa kwa chumvi. Vyote vilipelekwa kwa Mfungaji kwanza. Yeye alivitazama, akavinusa, akavikubali au akavikataa, kisha akavifunga viweze kukaa miezi katika joto la baharini na la Hijazi bila ya kuharibika. Alichokikataa alikisukuma kwa nyuma ya kiganja na kusema, "Hiki hakiendi." Hakuna aliyegombana naye usoni. Wengine walisubiri mpaka wafike njiani ndipo wakaanza kumsema.

Siku moja nilikuwapo mwanamke mmoja alipojaribu.

"Kwani vileja vyangu vina nini?"

"Vileja vyako havina kitu, mwanangu. Samli yake ndiyo yenye umri."

"Samli nimeinunua juzi!"

"Wewe umeinunua juzi. Yeye aliyekuuzia alikuwa nayo tangu lini?"

Yule mwanamke alivichukua vileja vyake akaenda. Kesho yake alirudi na vingine, na Mfungaji akavipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga, bila neno hata moja la jana.

Pua yake ilikuwa ajabu, hasa ukizingatia kwamba alitafuna tambuu kutoka asubuhi mpaka alasiri, na uani kwake palinukia chokaa na tumbaku. Niliwahi kumuuliza inakuwaje. Aliniambia kwamba pua ni kama mlinzi wa nyumba; yeye hupata usingizi kwa sauti alizozizoea na kuamka kwa sauti ngeni. Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Alifungia watu chakula cha kuwafikisha Makka, na yeye hakuwahi kupanda hata kivuko cha Likoni. Maji mengi yalimtia kizunguzungu hata akiyatazama kutoka ufukweni. Alikuwa mkali wa kupima, kila mfuko sawa na mwenzake, lakini kabla ya kuuziba alitupia kileja kimoja cha ziada, haraka, kama anayeiba. Ukimuuliza alikasirika. "Hicho ni cha jirani yake wa melini," alisema. "Au yeye atakula peke yake, atazamwe?"

Magazeti hakuyataka. Wafanyabiashara wengi walifungia korosho na kashata katika magazeti ya zamani, na wengine walimcheka kwa kuyakataa. Yeye alisema hajui kusoma, lakini hataki mtu ale maneno ya mtu mwingine. Kwa miaka mingi alitumia mikebe ya bati mpya, ambayo fundi mmoja alimzibia mifuniko kwa lehemu. Bati lilikuwa zito, na hewa ya bahari ililila. Mwaka mmoja mkebe ulishika kutu pembeni ukatoboka, na hujaji akakuta mchele wake umekuwa uji uliooza. Hilo lilimuuma. Alilisimulia kila mara kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia msiba. Ndiyo sababu aliiruhusu nailoni yangu ikae juu ya kinu.

Nilipomaliza maji siku ile ya kwanza, aliichukua. Aliivuta, akaikunja, akaipuliza, akaiweka mbele ya jua.

"Kimetengenezwa na nini?"

Sikuwa najua. "Utomvu wa mti, mama," nilisema. "Kama mpira."

"Mti gani?"

"Mti wa Ulaya."

"Mti wa Ulaya hauna jina?"

Aliikunja nailoni yangu vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia. "Chakula cha mtu anayekwenda kuhiji hakiingii ndani ya kitu kisichojulikana kilikotoka. Huenda ni mafuta ya mnyama, na mnyama mwenyewe hatumjui. Nenda kaulize, mwanangu. Usiniletee jibu la njiani."

Niliporudi mara ya pili nilikuwa nimeuliza. Nilimwambia kwamba mwenye duka asema inatokana na mafuta ya ardhini, ndugu yake mafuta ya taa. Kuhusu ule mti, nikamwambia, nilisema uongo kwa sababu niliona haya kusema sijui.

Alicheka mpaka tambuu ikamtoka. "Vyema," alisema. "Sasa nimepata mtu wa kuniuzia."

Hata hivyo alimtuma mtu kwa mwalimu wa madrasa ya jirani kuuliza kama inafaa. Jibu likaja kwamba mafuta ya taa si najisi, na kitu kilichotoka huko si najisi vilevile, lakini watu wasijaribu kuikaanga.

Akaanza kazi ya kuijaribu. Ni kazi hii inayonifanya nimkumbuke mpaka leo, nikiona nailoni zimenasa kwenye miiba kila njia ninayopita na hakuna anayeiuliza hata moja imekuja kufanya nini. Mfungaji aliiuliza. Alifunga kamba uani, kutoka nguzo ya jikoni mpaka kwenye mpapai, akatundika vifuko vidogo alivyovishona kwa moto. Kila kifuko kilikuwa na alama ya mkaa. Katika kimoja alitia chumvi. Watu wa pwani wanajua chumvi inavyofanya katika miezi ya mvua. Asubuhi unaikuta inatoa maji. "Chumvi haina haya," alisema. "Ikiona unyevu italia tu." Wiki ikapita, mvua ikanyesha na kukatika, na chumvi ndani ya nailoni ikabaki kavu, inachezacheza ukiitikisa. Kila alipopita aliitikisa karibu na sikio, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari njema.

Majirani walipata la kusema. "Mama Mfungaji," mwanamume mmoja aliita kutoka njiani, "leo umefua kanzu za majini?"

"Nimefua," alijibu. "Na yako ipo. Ingia uivae, tuone kama utaonekana una akili ndani yake."

Kuziba kulimchukua muda. Mshumaa uliitoboa nailoni. Pasi ya makaa iliing'ang'ania, ikatoka na nyuzi kama jibini. Mwishowe aligundua mwenyewe kwamba ukiweka ukanda wa jani kavu la mgomba katikati ya pasi na nailoni, pasi hainati na mshono hutoka umenyooka. Mwenye duka kule Mombasa hakuwa akijua hilo. Nilimweleza, na kuanzia hapo nikawa nawaeleza wateja wengine kana kwamba ni ujuzi wangu.

Baada ya mwaka hivi duka lilileta aina ya pili. Ya kwanza ilikuwa laini, ang'avu, unaona kila kileja kama kiko ndani ya kioo. Hii ya pili ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ngumu kidogo, na ukiishika inalia kama nguo mpya ya bafta. Haikupendeza. Nilimpelekea Mfungaji kwa sababu nilijua atataka kuiona, si kwa kutegemea ataitaka.

Ndipo likaja jambo la Bi Mdogo.

Mfungaji alikuwa mke wa kwanza wa marehemu mume wake. Mke wa pili, ambaye mji mzima ulimwita Bi Mdogo, alikaa mwendo wa dakika chache tu, upande wa pili wa msikiti. Tangu arubaini ya mume wao hakuna aliyekanyaga kizingiti cha mwenziwe. Waliamkiana njiani, basi. Mwaka ule Bi Mdogo alipata nafasi ya kwenda kuhiji pamoja na kaka yake, na hakukuwa na mtu mwingine Msambweni wa kumfungia masurufu. Alimtuma binti yake.

Mfungaji alikubali palepale. Binti alipoondoka, aligeuka akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Wajua nimekubali nini?"

"Kumfungia chakula, mama."

"Nimekubali kwamba kikiharibika kileja kimoja, mji wote utasema Bi Mkubwa ana wivu. Watasema nimemharibia hija yake. Wengine nimewafungia kwa mikono yangu. Huyu nitamfungia kwa jina langu."

Alivijaribu vyote upya. Safari hii alitaka kujua kuhusu samli, kwa kuwa vileja ni samli na unga wa mchele. Alifunga vileja katika nailoni ang'avu na vingine katika ile ya maziwa, akavitandaza juani juu ya karatasi safi, siku baada ya siku. Mwisho wake aliniita nipapase. Ile ang'avu ilikuwa inateleza kwa nje, na karatasi chini yake ilikuwa imepata doa. Ile ya maziwa ilikuwa kavu.

"Hii nzuri inatoka jasho," alisema. "Miezi mitatu sandukuni itapaka kila kitu mafuta. Nipe hii mbaya."

Aliizoea ile mbaya. Ilitaka pasi yenye moto zaidi, naye aliipima pasi kwa tone la maji, akisikiliza mlio wake. Vifuko vya kwanza vilipopelekwa kwa Bi Mdogo avione, binti alirudi mbio, midomo ameikaza asicheke.

"Mama asema," alianza, "mbona wamtilia chakula katika sanda? Asema nyeupe, na inalia kama bafta. Asema kama wamtakia mauti, mwambie waziwazi. Yeye ataka ile ya kung'aa, watu wakija kumuaga wavione vileja."

"Mwambie sanda haina harufu ya iliki," alisema Mfungaji. "Na mwambie vileja si bibi harusi. Havikai kutazamwa."

Nilimwambia ingekuwa rahisi kumpa anachotaka. Kama kikiharibika, kosa litakuwa la aliyechagua. "Wewe wauza," alisema. "Mimi nafunga." Na hakuibadilisha.

Wiki moja kabla ya safari nilipita kwake asubuhi. Alinipa bakuli la uji wa mchele.

"Waonja nini?"

"Sukari. Nazi. Na karafuu, mama. Tamu sana."

"Sikutia karafuu."

Aliinuka akaleta mtungi wa unga, akachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifuko cha nailoni ya maziwa. Kilikuwa kimezibwa pande zote, hakina tundu hata la sindano, na ndani mlikuwa na karafuu kavu kabisa. Kilikuwa kimekaa katika unga ule siku nane.

"Maji haipitishi," alisema. "Mafuta yataka kuizidi nguvu lakini haijayaachia. Harufu inaipitisha kama mlango ulio wazi. Ninyi mlisema haipitishi kitu."

Ni kweli tulisema. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo katika kila duka kutoka Likoni mpaka mpakani: haipitishi kitu, hata pumzi.

"Sasa nisikilize vizuri," aliendelea. "Sanduku la hujaji kule kwao watalifukiza udi kabla ya kupanga nguo. Ndiyo ada, na ni ada nzuri. Lakini vileja vyangu vikiingia katika sanduku lenye udi, vitakula udi. Mimi siwezi kwenda kwake. Nikienda watasema nimekuja kuamrisha nyumba ya watu. Wewe ndiye utakayepeleka mizigo. Waambie wakifukize kila kitu, lakini chakula kiende katika sanduku ambalo halikufukizwa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilipeleka mizigo siku ya pili. Nyumba ya Bi Mdogo ilikuwa imejaa. Katika baraza walikaa wenye maduka wawili, mmoja wa Ukunda, ambao nilikuwa nimewafuata miezi kadhaa bila ya kufanikiwa. Walivichukua vifuko, wakavigeuza, wakasifu mishono. Mmoja akauliza, "Na hii kweli haipitishi kitu?" Kutoka ndani nilisikia harufu ya udi na sauti za wanawake. Binti wa Bi Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ametega mikono apokee.

Nilimtazama yule mwenye duka, nikasema, "Haipitishi kitu."

Nikampa binti vifuko. Sikusema neno jingine. Nilijiambia labda hawatafukiza. Nilijiambia udi ni harufu nzuri, utamdhuru nani. Nilipofika barabarani nilikuwa na maagizo ya maduka mawili, na nilikuwa nimekwisha kujisahaulisha.

Bi Mdogo alirudi baada ya miezi, mzima wa afya, sasa akiitwa Hajjati. Wiki ile nilikuwa nimekaa uani kwa Mfungaji, tukizungumza habari ya kamba, pale kivuli kilipoingia mlangoni. Mfungaji aliinua kichwa. Alikuwa Bi Mdogo mwenyewe, amevaa buibui jipya, amevuka kizingiti kile kwa mara ya kwanza tangu ile arubaini.

"Asalaam aleikum, Bi Mkubwa."

"Waaleikum salaam, Hajjati. Karibu. Hija mabruk."

"Nimekuja kukwambia ukweli, maana nimetoka mahali pa ukweli." Alibaki amesimama. "Chakula chako hakikuoza. Hakikupata maji, hakikupata mdudu. Siku ya mwisho kileja kilivunjika mdomoni kama siku ya kwanza. Lakini kila nilichokula kilikuwa udi. Vileja udi, tambi udi, mchele nimeupika umetoka udi. Wenzangu melini waliniita chetezo cha udi. Nimekula moshi miezi mitatu, Bi Mkubwa! Ulifanya nini?"

Mfungaji alinitazama mimi. Alinitazama mara moja tu, si kwa hasira, kama mtu anayempisha mwenziwe aseme kwanza. Nilikuwa na kamba mkononi. Niliendelea kuizungushia vidole.

Alipoona sisemi, aliyaondoa macho kwangu.

"Kosa ni langu," alimwambia mke mwenziwe. "Mimi ndiye mfungaji. Nisamehe."

Bi Mdogo nadhani alikuja amejitayarisha kwa ugomvi, na alipoukosa hakujua aweke wapi mikono yake. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Akaletewa kahawa, akainywa, akalalamika tena kidogo, akaenda. Mimi niliaga nyuma yake. Mfungaji alinijibu vyema, akaniombea njia njema. Hakunisuta. Laiti angenisuta.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita Msambweni bila ya kushuka. Nilimpa wakala mwingine eneo lile, nikachukua la Kinango, nikimwambia mwenye duka kwamba napenda nchi kavu. Habari zake nilizisikia kwa watu. Bado alifunga, ingawa mkasa wa udi ulipata miguu mjini na watu walimtania hadharani. Nilisikia kwamba waliomtania ndio waliokuja kwake wakati wao wa kusafiri ulipofika. Nilisikia pia kwamba sasa huwaagiza wenye safari yeye mwenyewe, ana kwa ana, mambo yote, mpaka sanduku liwe la mti gani.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaishia niliponuia kuacha kazi ya duka na kwenda Tanga. Njia ya kwenda Lunga Lunga inapita Msambweni. Safari hii nilishuka.

Niliwakuta wawili uani, juu ya mkeka mmoja, wakichambua mchele wa mtu aliyekuwa akisafiri. Mfungaji alikuwa amepungua mwili, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alichambua kwa vidole. Bi Mdogo alimwangalizia.

"Hapo umeacha jiwe, Bi Mkubwa. Au huyu naye wataka arudi na kisa chake, kama ulivyonilisha mimi udi?"

"Chambua, Hajjati. Mdomo hautoi mawe."

"Mdomo wangu ulitoa moshi miezi mitatu, ni haki yake kusema."

Niliwaamkia shikamoo. Mfungaji aliitambua sauti, akasema marahaba, akaniuliza habari za huko nilikokuwa, kana kwamba nilikuja wiki iliyopita. Akataka niletewe maji. Nilisema sitakunywa kwanza. Nilibaki nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema.

Nilimgeukia Bi Mdogo. Nikamwambia kwamba Bi Mkubwa alijua kuwa nailoni inapitisha harufu, na alijua kabla ya safari. Alinituma niwaambie wasikiweke chakula katika sanduku lililofukizwa, na mimi nikafika mpaka mlangoni na sikuwaambia, kwa sababu mbele ya wateja niliona haya kuiumbua bidhaa yangu. Na siku ile alipokuja kulalamika nilikuwa nimekaa hapa hapa, nikanyamaza. "Yeye hakukosea kitu," nilisema. "Mimi ndiye."

Nilitegemea Mfungaji atanipa mkono, au atasema amenisamehe. Badala yake aliusukuma ungo kando, na nikaona amekasirika kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nani aliyekuuliza?" alisema.

Bi Mdogo alikuwa bado ananitazama mdomo wazi. Kisha akamgeukia mwenziwe. "Bi Mkubwa! Miaka yote hii naja hapa kila asubuhi kukusimanga kwa kosa la huyu bwana. Kila asubuhi! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa waja kila asubuhi," alisema Mfungaji. "Ningekwambia, ungekuja kufanya nini?"

Bi Mdogo aliuvuta ungo karibu yao, akainamisha kichwa, akachambua punje mbili tatu ambazo hazikuwa na kitu. Nilidhani analia. Akainua uso, macho makavu.

"Basi kesho nitakwambia nini?"

Mfungaji aliurudisha mkono wake kwenye mchele, akaanza tena kupapasa punje moja moja.

"Wewe?" alisema. "Wewe hukosi neno."